Kituo cha Saba Hakisikiki

Saa tatu kasorobo asubuhi Mama Waya alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta, mikono bado inanuka sabuni, na nguo za watu zimelowekwa kwenye mabeseni matatu uani. Nguo zingengoja. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mteja aliyewahi kukosa shuka kwa sababu yake, lakini wiki hii watu walikuwa wanampigia simu kuulizia, naye aliwajibu wote neno lilelile, "Zinakauka," wakati hata hazijafuliwa.

Akabonyeza pembetatu ya kijani kama alivyofundishwa. Kompyuta ikatoa mkoromo. Haukuwa ule mkwaruzo wa redio ya kawaida inayotafuta stesheni. Huu ulikuwa mzito, kama mashine ya kusaga iliyofungiwa ndani ya pipa, na chini yake, mbali kabisa, palikuwa na kitu ambacho pengine kilikuwa mtu.

"Kuna mtu," alimwambia mumewe.

Baba Waya, ambaye ni seremala, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Akainamisha kichwa akasikiliza. "Mimi nasikia msumeno."

"Kuna mtu pale chini. Anataja namba."

"Basi anazipasua hizo namba," alisema, kisha akamtazama mkewe usoni na utani ukamkauka mdomoni. Akakaa kwenye kiti cha pili, kiatu kimoja kimefungwa na kingine bado.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, asubuhi ya pili ya kelele.

Waya ni binti yao. Jina hilo alipewa akiwa na miaka sita, kwa sababu hakuna waya uliopita mbele yake akauacha salama, na likamganda mpaka chuo cha uuguzi. Mwaka uliopita alipangiwa kituo cha afya ng'ambo ya mabwawa, siku mbili kwa gari na moja kwa mtumbwi, mahali ambapo simu haishiki hata upande juu ya paa. Vituo vya huko ni kumi, na hewani havina majina, vina namba tu. Cha Waya ni cha saba. Kila asubuhi saa tatu ofisi kuu huviita kwa redio ya upepo, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja hujibu: wagonjwa wangapi, dawa zimebaki kiasi gani, wafanyakazi wazima au la.

Kabla ya kuondoka Waya alichukua kidude kidogo mfano wa flashi, akakichomeka kwenye kompyuta yake ya zamani, akavuta waya mrefu kutoka paani hadi kwenye nguzo ya uani.

"Mama, nakujua. Ukikaa hujui kitu utakonda," alisema. "Hiki kinavuta mawimbi, kompyuta inayageuza kuwa sauti. Utanisikia, ila hutaweza kunijibu. Kwa hiyo usianze kunigombeza humo, utachosha koo bure."

Akambandikia ukutani karatasi yenye hatua saba kwa herufi kubwa, kwa kuwa mama yake aliishia darasa la nne na maneno ya kwenye kompyuta hayakuwa ya Kiswahili. Penye neno la kuchagua, lenye herufi tatu tu, alichora umbo la neno lenyewe. Penye kigingi cha kusogeza juu na chini, alichora kigingi, akatia alama ya kalamu nyekundu katikati.

Kwa miezi kumi na mmoja Mama Waya alisikiliza kila siku. Tabibu wa kituo, mtu wa sauti nzito, ndiye aliyesoma taarifa mara nyingi; siku nyingine alisoma Waya mwenyewe, na siku hizo nguo zilifuliwa kwa wimbo. Pale kituoni walikuwa watatu tu: tabibu, muuguzi na mlinzi.

Kisha ikaja Jumatano. Mvua za huko zilikuwa zimepitiliza. Saba kilipoitwa alijibu mtu mwingine, anasoma kwa kusuasua kama anayekanyaga gizani. Alikuwa mlinzi. "Saba. Wagonjwa wa homa kumi na moja. Maji yamebomoa daraja. Mfanyakazi mmoja ameanguka, anaumwa sana." Akamaliza, ofisi ikasema imepokea, ikaendelea na Nane.

Mfanyakazi mmoja. Aliyesoma alikuwa mlinzi, kwa hiyo si yeye. Walibaki wawili, na mmoja wao ni mwanawe.

Alhamisi alikaa tayari tangu saa mbili, na kompyuta ikamfungulia ule mkoromo.

Alipiga simu ofisi kuu. Karani aliyepokea alikuwa kijana wa adabu, na adabu yake ilikuwa ngumu kama ukuta.

"Mama, taarifa za afya ya mfanyakazi hatuzitoi kwa simu."

"Niambie tu kama ni mwanamke au mwanamume."

"Hata hiyo, mama."

"Basi usiseme. Kohoa. Kama ni mwanamke, kohoa tu."

Karani hakukohoa. "Mama, nina kazi hapa. Andika barua, itashughulikiwa."

Basi lililobaki ni redio. Na katika redio Mama Waya alifanya kile ambacho angefanya mama yeyote asiyemsikia mtoto wake: alitaka nguvu zaidi. Akashika kile kigingi, akakitoa kwenye alama nyekundu akakipandisha. Kelele ikaongezeka, na yule mtu wa chini akaonekana kama anaongezeka nayo. Akapandisha tena. Ijumaa kigingi kilikuwa kimegota juu kabisa, na kompyuta inatetemesha glasi za kabatini, na bado alikuwa ameisogeza shingo mpaka sikio limegusa spika.

Jumamosi Baba Waya alimleta fundi redio wa mtaa, anayeitwa Fundi Miwani kwa sababu huvaa miwani mbili kwa pamoja, moja puani na nyingine kwenye paji.

"Redio yenyewe iko wapi?" aliuliza.

"Hii hapa."

"Hii ni kompyuta."

"Ndiyo redio yenyewe."

"Mama Waya, mimi nafungua redio mwaka wa thelathini sasa. Redio ina kifuniko, ina skrubu, ukiifungua unakuta vumbi na mende. Sasa hii nitaishika wapi?" Akautazama waya wa uani. "Umeanika mashuka juu ya huu?"

"Mimi ni dobi, si punguani."

"Nauliza tu. Watu wanaanika."

Akakaa, akashusha miwani ya pajini, akaanza kubonyeza. Mama Waya alisimama nyuma yake anafuata kila kidole, lakini vidole vya fundi vilikuwa vyepesi, na kila alipouliza "Hapo umefanya nini?" fundi alikuwa ameshafika pengine. Alibadilisha zile herufi tatu alizochora Waya. Alipanua hiki, akabana kile. Mkoromo ukageuka kuwa mvumo wa nyuki, mpana, laini, na yule mtu wa chini akapotea kabisa.

"Afadhali," alisema Fundi Miwani. "Sasa angalau inapumua."

Alipoondoka Mama Waya hakulia. Alibaki anaitazama kompyuta kama mtu aliyerudishiwa mtoto ambaye si wake.

Jumapili mchana Baba Waya alirudi kutoka karakana akamkuta ameshika tama palepale, hajala.

"Tupande basi twende ofisini," alisema.

"Siku mbili. Tukifika wataniambia niandike barua."

"Tutaandika hukohuko."

"Na asubuhi mbili za saa tatu zipite nikiwa barabarani?"

Mumewe akakaa chini, akajipangusa takataka za mbao mikononi. "Leo nimepiga randa ubao wa mlango," alisema taratibu, "nikapiga, nikapiga. Nilipozinduka umekuwa ubao wa dirisha." Alitaka kucheka, badala yake akageuka upande wa ukuta, akajifanya anasoma ile karatasi ya Waya.

Mama Waya akamwona mabega yanatikisika. Akamwacha. Na kwa kuwa mumewe alikuwa ameielekea karatasi, naye akaitazama, na wakati anaitazama likamjia jambo la kazini kwake. Nguo ikija na doa asilolijua, hamwagii kila dawa aliyonayo. Hutia moja, husuuza, hutazama. Ukitia mbili kwa pamoja na doa likasambaa, hutajua ni ipi iliyolisambaza. Na ikiwa mtu mwingine ameshaligusa, huanza kwa kuondoa alichotia yeye.

Yeye kwenye redio alimwaga beseni zima, kisha akamwachia mwenzake naye amwage.

"Sogea," alimwambia mumewe. "Nisomee hatua ya tano."

Wakaanza kusuuza. Zile herufi tatu walizirudisha kwa kulinganisha umbo na umbo, yeye ameweka kidole kwenye kioo na mumewe kwenye karatasi. Nyuki wakanyamaza, mkoromo wa zamani ukarudi. Akafurahia mkoromo, akijua sasa yuko alipokuwa Ijumaa. Kisha akashika kigingi. Mkono ulikataa. Kukishusha kulikuwa sawa na kumwambia Waya apunguze sauti. Akapiga moyo konde, akashusha kidogo, akangoja, akashusha tena, mpaka kwenye ile alama nyekundu.

Mkoromo ukapungua nusu nzima. Ile mashine ya kusaga haikuwa hewani. Sehemu yake kubwa ilikuwa ni kidude chenyewe kinapaliwa, kama mtu aliyejazwa chakula mdomoni kuliko anavyoweza kumeza. Sasa zilisikika sauti za watu wengine wa mbali, zinapita, zinapotea.

Lakini kelele ilibaki. Nayo aliiona. Kwenye kioo kulikuwa na picha iliyokuwa inashuka daima kama maji ukutani, na kila sauti iliacha alama ya njano. Alama za watu zilikuwa zimepindapinda, zinakatika na kuanza tena. Katikati yao ilisimama michirizi minyoofu, yenye nafasi sawasawa, kama mistari ya godoro.

"Hii si watu," alisema. "Mtu huvuta pumzi. Hii haivuti."

"Sasa ni nini?"

"Ni mashine. Na iko karibu, maana haiyumbi."

Jumatatu saa mbili asubuhi alifunga kanga vizuri akapita mlango kwa mlango. Alianza kwa kinyozi.

"Nikuzimie umeme? Na huyu mteja nimemnyoa upande mmoja?"

"Nusu saa tu, mwanangu. Waya wangu sijui kama mzima."

Kinyozi akamtazama, akazima. Mteja akasema abaki hivyohivyo na upande mmoja, labda ndio fasheni. Muuza barafu akasema barafu yake ikiyeyuka atamletea ndoo afulie, lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi. Fundi wa kuchomelea mageti alivua barakoa ya chuma bila neno, akang'oa plagi, akamfuata hadi mlangoni kwake, akasimama pale na wengine. Mpaka saa tatu kasoro dakika tano safu nzima ya nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba walisikika kuku.

Mama Waya akarudi mbio kwenye kioo. Michirizi ilikuwa palepale, minyoofu, haijapungua hata mmoja.

 Aliona aibu mpaka masikio yakawaka: watu wamesimama juani kwa ajili yake, na hakuna kitu. Dirishani kinyozi aliuliza, "Tayari, Mama Waya?" naye akazidi kuinamia kioo.

"Bado nyumba moja," alisema Baba Waya.

"Ipi? Nimemaliza zote."

"Hii."

Walizima taa, wakazima jokofu. Michirizi ikabaki. Baba Waya akapanda kwenye kigoda akaishusha swichi kuu ya nyumba, na kioo cha kompyuta kikafifia kidogo kwa kuwa sasa kilikuwa kinakula betri.

Michirizi ikakatika. Yote. Picha ikaendelea kushuka, nyeusi, safi, na ndani ya weusi ule alama za watu zikasimama peke yake kama nguo nyeupe kwenye kamba.

Mama Waya alitazama kuanzia ukutani, akashuka na waya mpaka kwenye meza. Chaja. Ile ya zamani iliungua Jumatano mchana, na Baba Waya alinunua nyingine jioni ileile kwa mchuuzi wa barabarani, wakashukuru imepatikana mapema. Tangu hapo walishuku mvua, wakashuku antena, wakashuku majirani wema. Chaja hakuna aliyeishuku, kwa maana ndiyo iliyokuwa inailisha kompyuta.

"Asilimia kumi na tisa," alisema Baba Waya, ambaye namba aliziona hata kwa mbali. Betri ilikuwa kuukuu, haikujaa tena hata ikichajiwa usiku kucha, na haikuwahi kudumu robo saa. "Niwashe umeme kidogo ijazie, halafu tu..."

"Usiguse kitu. Wanaanza."

Ofisi iliita Moja. Sauti ilikuwa safi kana kwamba yule mwanamke wa ofisini amekaa jikoni. Moja akajibu, Mbili akajibu. Tatu alianza kueleza habari za vyandarua. Betri ikawa kumi na tano. Nne akataka arudiwe swali. Betri kumi na tatu. Sita alitaja idadi ya mablanketi mara tatu, na Mama Waya alimwomba kwa sauti, "Baba, tumekusikia, keti chini." Betri tisa.

"Saba, Saba, ofisi inaita."

Kimya.

"Saba, ofisi inaita, unanipata?"

Kwenye kioo, pembeni kidogo ya wengine, ikatokea alama nyembamba ya njano, hafifu, imepindapinda. Inavuta pumzi.

"Saba hakisikiki," ilisema ofisi. "Nane, Nane."

"Yupo," alisema Mama Waya. "Yupo pale, mbona mnamruka?" Spika ilikuwa inatoa sauti nyembamba, kama ya bata. Alisogeza tarakimu ya mwisho ya namba ya mawimbi, pale juu ya kioo, kwa unywele mmoja, akangoja, akasogeza tena, na bata akageuka mtu, na mtu akawa mwanawe.

"...hapa Saba. Ofisi, nawasikia, nyinyi hamnisikii. Betri yetu ya jua imechoka. Nasema hivyohivyo, kama nilivyosema jana."

Mawimbi yana safari zake. Yalikuwa yanairuka ofisi na kutua uani kwa dobi. Mama Waya alinyakua daftari la nguo za wateja akaandika bila kutazama mkono.

"Wagonjwa kumi na tisa. Tabibu hajitambui tangu jana mchana. Dripu zimebaki nne. Maji yamefika ngazi ya pili. Mtumbwi utue nyuma ya ghala. Mbele usitue, kuna uzio wa seng'enge chini ya maji. Muuguzi mzima. Mlinzi mzima. Narudia. Wagonjwa kumi na..."

Kioo kikawa cheusi.

Baba Waya alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mzima," alisema. "Umesikia? Amesema mzima." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Nje majirani waliposikia neno hilo wakaanza kusogea mlangoni, na mtu akauliza kama wanaweza kuwasha.

Mama Waya alikuwa anatafuta simu.

Alipokea karani yuleyule. "Mama, nilishakueleza kwamba..."

"Leo sikuulizi. Leo nakuletea. Shika kalamu. Kituo cha Saba, taarifa ya leo."

"Saba? Mama, Saba hatujakisikia tangu Jumatano. Hatujui hata kama kuna mtu aliyebaki."

Kwa hiyo siku zote zile yule kijana hakuwa anaficha kitu. Hakuwa na kitu cha kuficha. Mama Waya akafungua daftari.

"Mimi nimekisikia, dakika hii. Wagonjwa kumi na tisa. Tabibu hajitambui tangu jana mchana. Dripu nne. Mtumbwi utue nyuma ya ghala, mbele kuna seng'enge chini ya maji. Umeandika seng'enge?"

"Nimeandika. Subiri, mama, usikate." Akasikika akimwita mtu, viti vikiburutwa, kisha akarudi anahema. "Bosi anauliza mtumbwi uondoke leo na nani. Na muuguzi, mama? Muuguzi anaendeleaje?"

Baba Waya alikuwa anamwonyesha kwa mdomo, bila sauti: mzima, mzima.

Mama Waya aliangalia alichoandika. Muuguzi mzima. Ndivyo alivyosema Waya, kwa maneno yake mwenyewe. Lakini sauti ilikuwa safi, na katika usafi ule alisikia na yale yasiyosemwa: kabla ya kila namba mtoto alikuwa anasimama, anameza, ndipo anaitamka, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani.

"Anaumwa," alisema.

Mumewe akaacha mdomo wazi.

"Amesema hivyo, mama?"

"Amesema mzima. Anaogopa mtampa yeye nafasi mtumbwini mkaacha mgonjwa. Lakini ana homa, na koo limemkauka, na leo si siku ya kwanza. Pelekeni wa kumpokea kazi, na pelekeni nafasi ya yeye kulala njiani."

"Siwezi kuandika kitu ambacho mfanyakazi mwenyewe hakukisema."

"Andika aliyekisema ni mama yake," alisema Mama Waya. "Ukimaliza, nisomee yote tangu mwanzo."

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa daftari, na karani akaanza kusoma.